Kibao cha duka Bute si bango la Nairobi

Mwenye duka mjini Bute, Wajir Kaskazini, akitaka wapita njia wamjue, hana haja ya kuajiri kampuni ya matangazo. Humwita fundi wa rangi, na kabla ya jua kutua ukuta umekwisha kueleza ni nani anayeuza mchele, sukari na kadi za simu. Lakini mbele ya mtoza ushuru, ukuta huo unaweza kuhesabiwa kuwa tangazo la nje, jina lile lile linalotumiwa kwa bango kubwa la chuma kando ya barabara kuu jijini Nairobi. Hapo ndipo utata unapoanza.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi serikali ya kaunti jukumu la kudhibiti matangazo ya nje. Inafaa msomaji atazame ni wapi jukumu hilo lilipowekwa. Halimo katika orodha ya vyanzo vya mapato. Limewekwa pamoja na uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyinginezo za umma. Kwa maneno mengine, waliotunga Katiba waliliona bango kuwa kitu kinachoweza kuziba njia, kumwangukia mtu au kuharibu sura ya mji, na ndiyo sababu wakataka awepo wa kulisimamia. Serikali nyingi za kaunti zimelisoma fungu hilo kana kwamba limeandikwa "kutoza".

Tabia hiyo haikuzuka na ugatuzi. Hadi uchaguzi wa Machi 2013, Wajir ilikuwa chini ya baraza la wilaya lililofanya kazi kwa Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, na mabaraza kote nchini yalitegemea sheria ndogo na ada za kila namna. Kibali kimoja cha biashara, kilichoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, kilikusudiwa kumwondolea mfanyabiashara mzigo wa leseni chungu nzima. Lakini kaunti zilipoingia, ada ya matangazo ilirejea katika sehemu nyingi ikiwa malipo ya pekee juu ya kibali hicho.

Ni kweli kwamba Wajir ina njaa ya mapato. Tangu mwaka wa fedha wa 2021/22, mgao wake kutoka hazina ya kitaifa umekuwa zaidi ya shilingi bilioni 9 kwa mwaka, ilhali inachokusanya yenyewe hakifiki hata asilimia 5 ya kiasi hicho. Shinikizo la kuongeza makusanyo ni halali. Hata hivyo, vibao vya maduka ya Bute, hata vikilipiwa vyote bila kukosa kimoja, haviwezi kuziba pengo la namna hiyo. Huenda gharama ya kumtuma afisa kuvihesabu ikashinda kitakachopatikana.

Tatizo zito zaidi ni nani hasa anayetangaza. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, maduka mengi madogo nchini yamevikwa rangi ya kijani. Mengine yamepakwa rangi za kampuni za soda, sabuni na saruji. Mwenye duka hupata ukuta mpya bila gharama, na kampuni hupata tangazo la miaka. Ada ikidaiwa, mlango unaobishwa ni wa mwenye duka, kwa kuwa ndiye aliye karibu. Sheria ya haki ingetenganisha mambo mawili: jina la duka juu ya mlango wake, ambalo ni kitambulisho tu na gharama yake imekwisha kuingia katika kibali cha biashara, na nembo ya kampuni, ambayo mwenyewe anapaswa kuilipia.

Hata lori linaloleta bidhaa halijasalimika. Gari lenye nembo likitoka Nairobi kupitia Isiolo na Marsabit hadi Wajir laweza kudaiwa ada ya nembo ile ile katika zaidi ya kaunti moja, na wenye viwanda wamelalamikia jambo hilo kwa miaka mingi. Kifungu cha 209 cha Katiba kinakataza kaunti kutumia mamlaka yake ya kutoza kwa namna inayodhuru biashara inayovuka mipaka yake. Anayelipa mwishoni ni mnunuzi wa Bute, kwa bei ya kilo ya unga. Na kibao kikisimamishwa ndani ya hifadhi ya barabara, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inadai pia idhini ya mamlaka ya barabara husika.

Wafanyabiashara hawakosi silaha. Aprili 2014, Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, uamuzi uliowatikisa magavana wengi. Tangazo la gazetini na kikao kimoja cha haraka havikutosheleza mahakama. Kwa kipimo hicho, kikao kinachofanyika Wajir mjini pekee kingekuwa na kazi kubwa kuthibitisha kwamba mwenye duka wa Bute, aliye mbali kaskazini karibu na mpaka wa Ethiopia, alisikilizwa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 nayo inaitaka kila kaunti iwe na sera ya ada, ili anayelipa aelezwe analipia huduma gani.

Bunge la kaunti hupewa siku 90 baada ya kupitisha matumizi ya mwaka kuidhinisha mswada wa fedha, yaani kwa kawaida kati ya Julai na Septemba. Huo ndio wakati wa wenye maduka wa Bute kumwita mwakilishi wao wa wadi na kutaka neno "tangazo" lifafanuliwe ndani ya mswada wenyewe, kabla kiwango chochote cha shilingi hakijaandikwa mbele yake.