Aya hiyo alisema nani?

Na Amosi Ndahani, Dodoma

Zunguka Majengo na Area D utaiona Ayubu 8:7 kwenye kalenda, vibanda na migongo ya bajaji: mwanzo wako mdogo, mwisho wako mkubwa. Watu hufungulia nayo biashara na kuombea nayo mitaji. Wachache huuliza aliyeyasema maneno hayo ni nani.

Ni Bildadi, mmoja wa rafiki watatu waliokwenda kumfariji Ayubu wakaishia kumsomea mashtaka. Aya tatu kabla ya hiyo, anamwambia baba mfiwa kwamba huenda watoto wake walilipwa kwa dhambi zao. Ukifika 42:7, Mungu anawakasirikia Bildadi na wenzake kwa kutosema yaliyo sawa juu yake.

Wapo wahubiri wanaodai kwamba kuyasoma Maandiko kwa jicho la mhakiki wa fasihi ni kuyashusha hadhi. Siwaungi mkono. Mwanafunzi wa sekondari anajua kuwa maneno ya mhusika si lazima yawe msimamo wa mwandishi. Iweje mwumini akatazwe kujua hilo? Wafasiri wa Kurani nao tangu zamani huchunguza sababu za kushuka kwa aya.

Uhakiki huo haumdharau msomaji wa kijijini. Katika Marko 2, watu wanne wanatoboa dari na kumshusha mgonjwa. Aliyezoea bati hushangaa. Mzee wa Mvumi aliyekulia kwenye tembe hashangai: paa ni bapa, miti chini, udongo juu, linapandika, linachimbika. Luka anaposimulia kisa hichohicho anataja vigae, pengine kwa kuwafikiria wasomaji wa miji ya Kiyunani. Mwanafalsafa Mjerumani Hans-Georg Gadamer aliandika mwaka 1960 kwamba kuelewa ni upeo wa msomaji kukutana na upeo wa maandishi. Mzee wa tembe anao upeo huo bila kwenda chuo.

Ila upeo huohuo hutuponza. Mvua ikikata Februari na uwele ukanyaukia shambani, hakosekani wa kumwambia mkulima kwamba ni dhambi za kijiji. Huyo anahubiri Bildadi, na jibu la Mungu hajalifikia.

Vyuo vya theolojia, Msalato kikiwamo, visiache ujuzi huu ufie darasani. Ushirikani, kabla ya kusema “amina” kwa aya yoyote, tusome sura nzima.