Zimwi la Mchana

Wapo wanaowasifia vijana hadithi ya Hulk, lile jitu la kijani la vitabu vya katuni vya Marekani, wakisema ni funzo jema la kuizuia hasira. Bruce Banner, wasema, ni mtaalamu mpole na mwembamba; akipandwa na hasira hugeuka zimwi lenye kubomoa kuta na kupindua vifaru; basi nasi tusikasirike. Mafundisho hayo nayapinga, na ushahidi wangu nautoa katika hadithi yenyewe.

Hadithi hiyo, iliyotungwa na Stan Lee na kuchorwa na Jack Kirby, ilitoka mara ya kwanza Mei 1962. Katika toleo lile jitu lilikuwa la kijivu wala si la kijani (rangi ilibadilishwa kwa sababu ya taabu za uchapaji tu), na hasira haikuwa na kazi yoyote katika kugeuka kwake. Banner aligeuka jua lilipokuchwa. Habari ya hasira ilikuja baadaye. Kilichomharibu ni miale ya bomu la gama, na bomu hilo aliliunda yeye mwenyewe, kwa akili timamu, mchana kweupe, kwa ajili ya jeshi la nchi yake.

Tazama basi jinsi anavyosafishwa. Siku ya jaribio kijana mmoja ameingia jangwani na gari lake. Banner akimbia kumwokoa, amsukumia handakini. Msaidizi wake, kumbe jasusi, aacha kwa makusudi kusimamisha ulipuaji. Mara mwovu ni jasusi! Baadaye mwovu ni zimwi. Mwenye kuunda bomu abaki mtu wa kuhurumiwa. Na hayo yaliandikwa miaka 17 baada ya Hiroshima, mwaka ambao Marekani ililipua mabomu ya kweli katika jangwa la Nevada. Moja, la tarehe 6 Julai, lilichimba shimo lenye upana wa mita 390 hivi.

Mchezo wa televisheni wa 1977 hadi 1982 ulizidi: bomu liliondolewa kabisa, akabaki mgane mwenye majonzi aliyejipiga miale maabarani. Nakiri kwamba mwaka 1985 Bill Mantlo aliandika jambo zito, kuwa hasira ya Banner ilianzia utotoni, katika kipigo cha baba yake. Mwalimu apendaye fimbo na alisome hilo mara mbili. Lakini hata hapo bomu tumezidi kulisahau.

Kwetu pwani mtu akipandwa na pepo, mganga humwuliza pepo: u nani, nawe watoka wapi? Zimwi la Banner halikuulizwa. Lingeulizwa, jibu lingetugusa hata sisi, maana sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, nchi isemayo Kiswahili.

Katika matoleo yale ya awali, Jenerali Ross na askari wake hulisaka zimwi jangwani kwa vifaru na makombora. Zimwi likiisha kutoweka, Banner hurejea kambini kwa Jenerali huyo huyo, akavaa koti lake jeupe, akaendelea kumwundia silaha.