Kiatu cha dola kumi na mbili ndicho kinachokula pesa

Mjini Goma mtu hatembei juu ya udongo, anatembea juu ya jiwe. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji, na kartie nyingi zikajengwa upya juu ya lava iliyopoa. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 volkano ikatapika tena, jiwe likaongezeka upande wa kaskazini. Jiwe hilo lina meno. Linakata soli, linachana kisigino, na vumbi lake jeusi linaingia kila mahali penye mshono mbaya. Ndiyo maana swali la kiatu gani mwanaume anunue, ambalo kwingine linaachiwa watu wa mitindo, huku mashariki mwa Congo ni swali la bajeti ya nyumba.

Wengi wanalijibu kwa kutazama mfuko tu. Sokoni Virunga, au Kadutu kule Bukavu, viatu vipya vya simili vimepangwa kwa mistari, vyeusi na vya kahawia, vinang'aa kuliko viatu vya mkurugenzi. Bei inazungumzwa, inashuka kidogo, mtu anaondoka amefurahi. Wiki ya tatu ngozi ya bandia inaanza kupasuka pale kidole kinapokunjika. Mwezi wa pili soli inafungua kinywa. Fundi anapaka gundi, kinywa kinafungwa, mvua moja inakifungua tena. Mwezi wa nne mtu yuko tena sokoni, mbele ya mistari ileile.

Chukua mfano wa hesabu rahisi. Mwanaume ananunua kiatu cha dola 12 kila baada ya miezi minne. Kwa mwaka anatoa dola 36, kwa miaka mitatu dola 108, na mwishoni hana kiatu. Jirani yake ananunua kiatu cha ngozi ya kweli kwa dola 60, anabadilisha soli mara mbili kwa dola 8 kila mara. Miaka mitatu imemgharimu dola 76, na kiatu bado kiko mguuni. Tofauti ni dola 32. Si utajiri, lakini katika nyumba nyingi ni pesa ya makala. Na hesabu hiyo haijagusa siku ambazo huyu wa kwanza ametembea na soksi zilizolowa.

Lakini hapa ndipo watu wanaosifu ubora wanaharakisha kupita kiasi. Wanasema "nunua kizuri" kana kwamba dola 60 zinangoja mezani. Mtu anayeishi kwa kile alichopata leo hawezi kuzitoa kwa siku moja, hata kama anajua vizuri kabisa kwamba kiatu cha dola 12 kinamwibia. Maskini hanunui vibaya kwa sababu ya ujinga. Ananunua vibaya kwa sababu pesa zake zinamfikia vipande vipande, na kiatu kizuri hakiuzwi vipande vipande. Tangu mwezi wa kwanza 2025, benki zilipofunga milango Goma, kisha Bukavu mwezi uliofuata, hata mwenye mshahara alijikuta katika hali ileile: pesa taslimu zilikuwa adimu, na aliyekuwa na akiba hakuweza kuigusa.

Dawa ambayo watu wanayo tayari ni likelemba. Mama wa soko wanaijua kuliko mtu yeyote: kikundi cha watu wanaoaminiana, kila mmoja anatoa kiasi kidogo kila wiki, na mmoja anachukua chote kwa zamu yake. Kwa likelemba wamejenga nyumba, wamelipa masomo, wamenunua mzigo. Wanaume wengi wanaiona kama jambo la wanawake, au wanaitumia kwa sherehe na kwa vipuri vya pikipiki. Kikundi cha wamotari kumi na wawili wanaotoa dola 5 kila wiki kinampa mmoja wao dola 60 kila wiki. Kwa miezi mitatu wote kumi na wawili wana viatu, au koti.

Koti linahitaji kusemwa, kwani linasahauliwa. Mtu wa mbali akisikia Congo anafikiri joto. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, Butembo inapita mita 1,700, na kwenye vilima vya Lubero au nyanda za juu za Minembwe asubuhi ni ya baridi ya kweli. Motari anayetoka saa kumi na moja ya asubuhi anapigwa na upepo kifuani siku nzima, mvua ikija anaendelea, maana abiria hangoji. Wengi wamevaa jaketi nene lenye pamba ya plastiki ndani, ambalo ni zuri sana mpaka linapolowa. Likilowa linakuwa sponji. Anayeendesha pikipiki anahitaji kwanza kitu cha kuzuia upepo na maji kwa nje, hata kikiwa chembamba, kisha sweta ya sufu kwa ndani. Sufu hupasha joto hata ikiwa na unyevu, jambo ambalo pamba ya kawaida haiwezi. Vitu hivyo viwili pamoja mara nyingi vina bei ndogo kuliko lile jaketi nene linalopendeza.

Na vinapatikana wapi? Katika mitumba. Hapa lazima kusema wazi: kwa makoti, balo la mitumba mara nyingi linapita duka. Makoti yaliyoshonwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini yanafika huku yakiwa yamevaliwa miaka miwili mitatu, na yamebaki na uhai mrefu. Anayejua kutazama anaanza na zipu, siyo rangi. Zipu ya chuma au ya plastiki nene inayopita bila kukwama mara kumi inaonyesha kwamba aliyetengeneza koti hakubania pesa. Kisha anageuza koti ndani nje na kutazama mishono: kwenye koti la mvua la kweli, mishono imefunikwa kwa utepe kwa ndani ili maji yasipite kwenye matundu ya sindano. Kama utepe umeanza kubanduka, bei ishuke au koti libaki. Makwapa na kola vinasema umri wake kuliko muuzaji.

Kwa viatu vya mitumba inabidi kuwa mwangalifu zaidi. Kuna mtego ambao umewaliza wengi: kiatu kinaonekana kipya, soli nene na laini, hakijavaliwa hata mara kumi. Mtu anakilipa kwa furaha, na wiki hiyohiyo soli inavunjika kama mkate mkavu. Haijavunjwa na jiwe la Goma. Aina ya plastiki inayoitwa poliyuretani inaharibika yenyewe kwa unyevu wa hewa miaka inavyopita, hata kiatu kikiwa kimelala kwenye boksi. Kiatu kilichokaa miaka mingi stoo kinaweza kuwa kizee kuliko kilichotembea kila siku. Kabla ya kulipa, bonyeza soli kwa ukucha na uikunje: ikiacha unga au ikionyesha nyufa ndogondogo, muachie mwenyewe.

Kuitambua ngozi hakuhitaji shule. Tazama mahali ilipokatwa, kwenye ulimi wa kiatu au ndani ya matundu ya kamba. Ngozi ya kweli ina nyuzinyuzi, simili ina kitambaa kilichopakwa rangi juu. Ikunje kidogo: ngozi inafanya mikunjo midogo isiyofanana, simili inafanya mstari mmoja. Halafu soli. Viatu vinavyodumu zaidi vina ukanda mwembamba wa ngozi unaozunguka kiatu chote, na soli imeshonwa kwenye ukanda huo, siyo kwenye kiatu chenyewe. Mashine ya kazi hiyo ilipewa hati ya ubunifu Marekani mwaka 1871, na jina lake ni Goodyear mpaka leo. Faida yake ni moja tu, lakini ni kubwa: soli ikiisha, fundi anakata uzi, anaondoa, anaweka nyingine, na kiatu cha juu hakiguswi. Viwanda vya viatu rahisi vinajua kwamba watu wanatafuta uzi huo, kwa hiyo vinachonga uzi wa uongo juu ya plastiki. Ukiona uzi pembeni, uvute kwa ncha ya kisu. Wa uongo hausogei, maana ni plastiki moja na soli.

Neno "ubora" limebeba pia mzigo usio wake. Ukitaja viatu vizuri vya wanaume katika nchi hii, mawazo yanakimbilia Sape, Papa Wemba, na viatu vya J.M. Weston vya Limoges, Ufaransa, ambavyo wasapeurs wa Kinshasa na Brazzaville wameviheshimu kwa miaka mingi. Hakuna ubaya katika kupendeza, na Sape imefundisha jambo moja ambalo wenye kuicheka hawalioni: msapeur wa kweli anatunza kiatu chake. Anakipaka siraji, anakipumzisha, anakipeleka kwa fundi kabla hakijaharibika. Lakini heshima hiyo imewafanya watu wengi waamini kwamba kiatu kizuri ni cha kuonyesha. Mwalimu wa Bunia anayetembea kilomita tano kila asubuhi ana haja nacho kuliko mwimbaji.

Utunzaji wenyewe ni kazi ndogo. Kiatu cha ngozi kilicholowa kisisogezwe karibu na mbabula, kwani moto unakausha mafuta ya ngozi na kuipasua; kijazwe karatasi za gazeti na kiachwe kivulini. Anayeweza kuwa na jozi mbili azibadilishe siku kwa siku, zote zitadumu zaidi ya kuzivaa moja baada ya nyingine. Siraji mara moja kwa wiki inatosha, na vumbi la lava liondolewe kwanza kwa kitambaa kibichi, la sivyo brashi inakuwa msasa.

Lakini hesabu yote ya hapo juu inamtegemea mtu mmoja, naye ni fundi wa viatu wa barabarani. Bila yeye kiatu cha dola 60 ni anasa inayokufa na soli yake ya kwanza. Fundi huyo anakaa chini ya mwavuli uliotoboka, na sindano moja, kipande cha tairi na kopo la gundi. Wengi wao wanashona kwa mkono kazi ambayo mashine ingeifanya kwa dakika chache. Siku ya operesheni ya usafi wa mji yeye ndiye wa kwanza kufukuzwa, na siku nyingine zote analipa kodi ya nafasi ileile anayofukuzwa. Miji inatafuta nafasi za maduka ya simu na za maegesho, haimtafutii fundi mita mbili zenye paa.

Na kuna ngozi yenyewe. Malisho ya Masisi yanajulikana nchi nzima kwa maziwa na kwa jibini. Ng'ombe hao wana ngozi, na ngozi hiyo ingeweza kuwa viatu. Vita vimewaondoa wafugaji na mifugo mara nyingi, na hakuna mtu wa akili atakayedai kiwanda kijengwe katikati ya risasi. Hata hivyo, kutengeneza ngozi kulianza kama kazi ya mikono, na shule za ufundi ambazo bado zinafanya kazi zingeweza kuifundisha pamoja na ushonaji wa viatu, kama zinavyofundisha useremala na ushonaji wa nguo.

Wengine wanapendekeza njia fupi: mitumba ipigwe marufuku ili kazi za ndani zizaliwe. Jirani alijaribu. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kusimamisha nafasi ya nguo za Rwanda kuingia soko lake bila ushuru. Congo, ambayo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, inaweza kujadili hilo na wenzake. Ila kumnyang'anya motari wa Butembo koti la balo kabla hajapata koti lingine ni kumwacha na upepo. Kwanza fundi apewe mashine, mafunzo na paa. Ushuru unaweza kungoja.

Kwa sasa kalenda ni ile ile. Mvua kubwa zinarudi mwezi wa tisa, na siku ya mvua ya kwanza kila mtu anataka koti saa moja. Mwezi wa saba, jua likiwa kali na vumbi likiwa juu, makoti yananing'inia bila mtu wa kuyauliza, na muuzaji ana muda wa kumwacha mteja ageuze kila mshono ndani nje.