Saa Moja Bwindi

Anayepanda milima ya Bwindi, Uganda, kuwaona gorila huruhusiwa kukaa nao saa moja tu, na wageni hawazidi 8 kwa siku kwa kila familia ya gorila. Kibali cha mgeni wa ng'ambo ni dola 800, na ng'ambo ya mpaka, Rwanda, ni dola 1,500 tangu 2017. Wapo wanaolalamikia bei. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Fedha hizo ndizo zinazowalipa wanaume na wanawake wanaoingia msituni alfajiri, wakaanzia pale familia ilipoachwa jana, wakakagua malalo ya majani yaliyobonyea na mavi mabichi, wakafuata vichaka vilivyolazwa hadi wawakute, ndipo wakawaita wageni kwa redio. Gorila wa milimani waliobaki duniani wanazidi 1,000 kidogo tu, na mafua yetu yanaweza kuwaua, kwa hiyo mwenye kikohozi abaki chini, hata kama ameshalipa. Lakini Wabatwa, wenyeji wa msitu huo, je? Walitolewa msituni humo 1991 ulipofanywa hifadhi ya taifa, na leo wengi wanaishi kwenye ardhi ya watu, wakiwachezea watalii ngoma. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikiri kwamba waliondolewa bila fidia ya kutosha. Basi walipwe. Wapewe ardhi yenye hati, na nafasi za kazi za kufuatilia gorila zianzie kwao.