Mzee na Usukani: Kujisikia si Kujipima

Mzee aliyeendesha gari miaka 40 bila ya kumgonga mtu huwa na hoja yenye uzito, nayo ni uzoefu. Mwanawe anapomsihi aache usukani, hujibu kwamba anajisikia vizuri. Hapo ndipo penye kosa, wala si kosa la kiburi. Kuzeeka kwa viungo vingi hakuumi.

Jicho ni mfano bora. Mboni husinyaa na lenzi huingia umanjano, hata retina ya mtu wa miaka 60 hupata takriban theluthi moja tu ya mwanga aupatao kijana wa miaka 20. Mabadiliko hayo huja polepole mno, na mwenyewe aweza kudhani kuwa taa za gari ndizo zilizofifia. Usiku, katika barabara kama ile ya Chalinze hadi Segera, taa za lori lijalo humpofusha kwa muda, na mpanda baiskeli asiye na taa yumo katika giza hilo hilo. Glakoma ni mbaya zaidi: hula pembe za uoni, na ubongo hulijaza pengo kwa kubuni, mgonjwa asione doa lolote jeusi.

Kwa hiyo mzee asiulizwe anajisikiaje, apewe vipimo. Kumnyang'anya ufunguo kwa sababu ya umri pekee ni uvivu wa kufikiri. Wapo wa miaka 75 walio salama, na wapo wa miaka 55 wasiofaa kabisa. Tena vijijini huenda gari la mzee ndilo pekee la kumkimbiza mja mzito hospitali.

Kipimo cha kwanza ni kibao cha namba. Uingereza humtaka dereva akisome mchana kwa umbali wa mita 20, akivaa miwani ikiwa huihitaji. Cha pili kimo katika mkoba wa kila mwanafunzi. Rula ya sentimeta 30 hushikwa wima, alama ya sifuri ikiwa kati ya vidole vya mzee, kisha huachwa ghafla naye huidaka. Ikishuka sentimeta 20, zimepita sekunde 0.2, kama kanuni ya kuanguka kwa vitu ionyeshavyo. Barabarani muda huwa mrefu zaidi, kwa kuwa dereva hana budi pia kuamua la kufanya. Na gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Nusu sekunde ya kuchelewa ni mita 11, karibu urefu wa basi kubwa. Kipimo kimoja hakitoshi. Kilinganishwe na cha mzee yule yule mwaka uliopita.

Glakoma haipimwi nyumbani. Hiyo yataka hospitali, hata kama mzee husoma gazeti bila ya miwani.

Walimu wa fizikia wanaweza kuifikisha rula kwa wazee kupitia wanafunzi wao. Mjukuu apimwe kwanza, babu akitazama, kisha wabadilishane. Vijana nao wasitarajie ushindi mkubwa: rula ikiachwa katikati ya mazungumzo, wengi wao hudaka hewa.