Kanada: Mdogo Mbele ya Jirani, Mkubwa Mbele ya Maskini

Uchaguzi mkuu wa tarehe 28 Aprili 2025 uliwalazimu wananchi wa Kanada kutafakari upya maana ya uhuru wa taifa lao mbele ya jirani mwenye nguvu. Katika tafakari hii, mwamini mzaliwa wa Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, ambaye sasa ni raia wa Kanada, anazipima siasa za nchi hiyo kwa mizani ya Mafundisho Jamii ya Kanisa.

Kila nilipokuja nyumbani likizo, ndugu zangu waliniuliza: “Hivi Kanada na Marekani si nchi moja?” Nilikuwa nikicheka. Mwaka 2025 sikucheka tena, kwa maana Rais Donald Trump wa Marekani alirudia mara nyingi kusema kwamba Kanada ingefaa kuwa jimbo la 51 la nchi yake. Maneno hayo yaliambatana na vitendo. Tarehe 4 Machi ulianza kutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 kwa sehemu kubwa ya bidhaa za Kanada. Baada ya siku mbili, bidhaa zilizotimiza masharti ya mkataba wa biashara kati ya nchi hizo mbili na Mexico zilisamehewa. Lakini ilipofika Juni, ushuru wa chuma na alumini ulikuwa umefikia asilimia 50. Kwa taifa linalouza takribani robo tatu ya bidhaa zake kwa jirani mmoja, hilo lilikuwa pigo zito.

Hofu iliyogeuza kura

Mwanzoni mwa mwaka huo, chama cha Wahafidhina chini ya Pierre Poilievre kilikuwa kikiongoza kwa mbali katika kura za maoni. Tarehe 6 Januari Waziri Mkuu Justin Trudeau alitangaza nia ya kung’atuka, na tarehe 14 Machi nafasi yake ikachukuliwa na Mark Carney, aliyewahi kuwa gavana wa benki kuu za Kanada na Uingereza, ingawa hakuwa amewahi kuwa mbunge. Wiki chache baadaye Waliberali walipata viti 169 kati ya 343, pungufu ya viti vitatu tu kufikia wingi bungeni. Poilievre alipoteza hata kiti chake mwenyewe, akarejea bungeni kwa uchaguzi mdogo wa mwezi Agosti.

Kwa maoni yangu, wananchi wengi walipiga kura wakiutazama mpaka wa kusini kuliko nyumba zao. Sisemi kwamba walikosea, kwa maana kulinda nchi ni wajibu halali. Hata hivyo, kodi za nyumba zinazowaelemea vijana na foleni ndefu za wagonjwa hazikupewa uzito uliostahili. Hofu huwaunganisha watu kwa haraka, lakini si mshauri mwema wa muda mrefu. Ndiyo maana raia Mkristo anapaswa kuuliza swali la pili: uhuru huu tunaoulinda, tunaulinda kwa ajili ya nani?

Mkuki kwa nguruwe

Wahenga walinena: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kanada imeonja uchungu wa kuamuliwa mambo na mkubwa. Lakini sisi tuliozaliwa Kanda ya Ziwa tunaijua Kanada nyingine, ile ya makampuni ya madini. Barrick, kampuni yenye makao makuu Toronto, inachimba dhahabu Bulyanhulu na North Mara; na ni baada tu ya mvutano mkali wa kodi na mapato ndipo ilipoundwa kampuni ya Twiga, ambamo Serikali ya Tanzania ina hisa za asilimia 16. Mbele ya kijiji kilicho kando ya mgodi, Kanada si nchi ndogo hata kidogo.

Mwezi Februari 2020, Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba wafanyakazi wa Eritrea waliodai kulazimishwa kazi mgodini wangeweza kuendelea na kesi yao dhidi ya kampuni ya Nevsun katika mahakama za Kanada. Huo ulikuwa mlango wa haki, na unastahili kuachwa wazi. Lakini bajeti iliyosomwa tarehe 4 Novemba 2025 ilipunguza misaada kwa nchi za nje kwa dola bilioni 2.7 za Kanada katika miaka minne, wakati matumizi ya ulinzi yakipanda. Naelewa kwamba dunia imekuwa ya hatari. Siwezi kuelewa kwa nini gharama ya usalama wetu ibebwe na maskini wa mbali. Kanuni ya dhahabu iliyo katika sura ya 7 ya Injili ya Mathayo haikuandikwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja peke yake.

Mgeni, mgonjwa na mzawa

Tangu mwaka 1979 parokia nyingi za Kanada zimewadhamini wakimbizi na kuwapokea kama ndugu. Leo lango linapungua: lengo la kupokea wakazi wa kudumu 500,000 kwa mwaka 2025 lilishushwa hadi 395,000. Uhaba wa nyumba ni hoja ya kweli, lakini si haki kumfanya mgeni abebe lawama ya nyumba ambazo hazikujengwa.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kifo laini. Kiliruhusiwa kisheria mwaka 2016, kisha mwaka 2021 kikapanuliwa kwa watu ambao kifo chao cha kawaida hakijakaribia. Mwaka 2023 watu 15,343 waliaga dunia kwa njia hiyo, yaani asilimia 4.7 ya vifo vyote. Taifa linalokataa kumezwa na jirani yake linapaswa pia kukataa kumwambia mgonjwa kwamba yeye ni mzigo.

Katika hili, sisi Wakatoliki hatuna nafasi ya kujivuna. Sehemu kubwa ya shule za bweni walikopelekwa watoto wa mataifa asilia, wakatengwa na wazazi na lugha zao, iliendeshwa na taasisi zetu. Baba Mtakatifu Fransisko aliomba msamaha huko Maskwacis tarehe 25 Julai 2022, na tarehe 15 Novemba 2025 Papa Leo XIV aliwakabidhi Maaskofu wa Kanada vitu 62 vya urithi wa watu hao vilivyokuwa vimehifadhiwa Vatikani. Toba ya kweli hurudisha kilichochukuliwa.

Waziri Mkuu Carney ni Mkatoliki, na alikuwapo Roma tarehe 18 Mei 2025 katika Misa ya kuanza utume wa Papa Leo XIV. Namwombea kama ninavyowaombea wapinzani wake. Lakini kura yangu ijayo haitafuata dini ya mgombea wala rangi ya chama. Nitatazama jinsi anavyomtendea yule asiyeweza kumlipa: mgonjwa kitandani, mkimbizi mpakani, na mama anayeishi kando ya mgodi kule nilikozaliwa.