Pikipiki ya Parokia Isiozee Chini ya Mwarobaini

Si ajabu katika parokia zetu za Dodoma na Kondoa kukuta pikipiki ya zamani imeegeshwa chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba ya mapadre, tairi hazina upepo, kuku wamelala juu ya kiti. Kila mtu anajua ilikuwa ya paroko fulani wa zamani, lakini hakuna anayekumbuka iliwaka lini mara ya mwisho. Wakati huohuo katekista anakwenda kigango cha mbali kwa miguu, na mgonjwa anayeomba Mpako Mtakatifu anasubiri gari lirudi. Sisi tunaona kwamba kabla ya kuandika barua ya kuomba pikipiki mpya, tuifufue kwanza hiyo. Tena tuifufue nyumbani, kwa mikono yetu.

Tukumbuke vyombo hivi hufikaje kwetu. Mwaka 1927 Padre Paul Schulte alianzisha shirika la MIVA huko Ujerumani ili kuwapatia wamisionari usafiri, baada ya rafiki yake mmisionari kufariki Namibia kwa kukosa chombo cha kumfikisha hospitali mapema. MIVA ya Austria huwaalika madereva watoe sadaka ndogo kwa kila kilometa waliyoendesha bila ajali. Pikipiki ya parokia, iwe imetoka huko, kwingineko au kwenye harambee ya waamini wetu, imetokana na sadaka za watu wa kawaida. Na Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alituonya juu ya utamaduni wa kutupa vitu.

Wengine watasema chuma kilichokaa miaka 20 kimekwisha. Lakini nyanda za kati zina ukavu unaotusaidia. Mvua yetu ni chache, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, hivyo fremu haili kutu upesi kama kule Tanga au Mtwara kwenye hewa ya chumvi. Adui wetu ni jua linalopasua mipira na vumbi linalokula ringi za pistoni.

Wengine watasema spea hazipo. Chukueni mfano wa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Injini yake ilibuniwa iwe nyepesi kutengeneza na ivumilie matunzo hafifu. Viwanda vya China viliiga mchoro huo, na bodaboda nyingi zinazopita mitaani kwetu zina injini ya ukoo huohuo. Kwa hiyo spea nyingi za injini hupatikana katika maduka ya bodaboda. Si zote zinaingiliana. Beba ile ya zamani dukani, uilinganishe kabla ya kulipa.

Kazi yenyewe inahitaji subira kuliko nguvu. Injini ikiwa imeganda, usipige kiki kwa hasira. Fungua plagi, mimina oili kidogo ndani ya silinda, acha siku kadhaa, kisha weka gia ya juu na utikise gurudumu la nyuma taratibu. Mwaga petroli ya zamani. Ondoa kutu ndani ya tangi kwa kokoto ndogo na maji, ukilitikisa, halafu likaushe kabisa. Safisha kabureta, badilisha oili na filta ya hewa. Mipira ya breki, tairi na kebo usizihurumie: nunua mpya, kwa maana pikipiki inayowaka bila kusimama ni hatari kuliko iliyokufa.

Tunakubali kwamba si kila pikipiki itafufuka. Fremu iliyopasuka isipewe mtu aipande. Kadi ya usajili itafutwe kabla ya kutumia hata shilingi moja. Hesabu ipelekwe kwenye kamati ya fedha ya parokia, na gharama zikizidi faida, iuzwe kwa uwazi badala ya kuachwa ipungue kifaa kimoja kimoja usiku.

Neno letu la mwisho ni kwa waseminari wanaokwenda likizo. Siku moja utatumwa kwenye parokia yenye vigango vingi, na cheni itakatika kwenye mbuga za Bahi mahali pasipo na mtandao wa simu. Ujuzi wa spana utakuwa sehemu ya uchungaji wako. Lakini iko faida nyingine. Mtafute kijana fundi wa bodaboda hapo kijijini, umkaribishe nyumbani, ukae chini kwenye turubai umshikie taa akufundishe. Huenda hajaonekana kwenye jumuiya yake kwa muda mrefu. Mkiwa mnasugua plagi kwa msasa atakueleza mkopo wa pikipiki unavyombana na kwa nini Jumapili hapati nafasi ya kuja kanisani. Mambo hayo hutayasikia ukiwa umesimama mimbarini, na kwa sababu hiyo kazi hii isikabidhiwe gereji peke yake.

Mwombe paroko ruhusa, anza na plagi. Mtakatifu Yosefu, mfanyakazi, atuombee.